Noeli njema wapendwa, na habari ya faili za mwalimu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kama ilivyo kawaida kila mwaka katibu ndo anaandika salamu kwa niaba ya uongozi wa kwaya, basi kwanza niitimize hiyo kazi. Nawatakia wanakwaya wote, wa zamani na wa sasa, mlioko hapa Mwanza na mliotawanyika Dar, Dodoma, Bukoba, mpaka mlioko Uarabuni na Ulaya mnaotufuatilia kwenye grupu, heri na baraka tele za Noeli. Mtoto Yesu azaliwe mioyoni mwenu na katika familia zenu, awajalie afya, amani na riziki. Salamu za pekee kwa Baba Paroko, masista, walezi wetu, jumuiya zote, vyama vyetu vya WAWATA (akina mama), UWAKA (akina baba), VIWAWA (vijana) na watoto wa Utoto Mtakatifu ambao mwaka huu ndo wamelipamba pango, na kwa kweli limependeza, Mungu awabariki sana.

Sasa hizo ni salamu. Yanayofuata ni ya moyoni na ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mwaka huu wa 2025 umetupiga jamani. Tulianza na Jubilei ya Kanisa, yenye kaulimbiu Mahujaji wa Matumaini, wimbo wa Jubilei tukaushika vizuri, kila mtu ana nguvu, halafu Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, tukasikia Papa Fransisko ametutoka, na hata hatujamaliza kuvua vitambaa vyeusi mwalimu wetu wa kwaya naye akalala. Wiki chache tu baadaye. Tarehe 19 Juni daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, na mimi siku ile watu wanashangilia kilometa tatu za kuvuka ziwa bila foleni, nilikuwa namuwaza yeye tu. Maana yule mzee miaka yote alivuka kwa kivuko na lile begi lake la nota kwenda kufundisha vigango vya upande wa Sengerema, Jumamosi anaondoka alfajiri, akikuta kivuko kimeondoka anakaa kwenye benchi anaandika solfa kwenye daftari mpaka kirudi. Nyimbo zetu za matoleo mnazozipenda zile, nyingi zilizaliwa pale kwenye benchi. Daraja hajalivuka.

Halafu ikaja Oktoba. Sitasema mengi, nyote mlikuwepo. Kuanzia siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, ndugu hawapatikani, mazoezi hayapo, klipu za sauti za nyimbo za Noeli zimekwama kwenye simu yangu haziendi popote, na hilo la klipu ni dogo sana, kwa sababu wapo watu nchi hii ambao Noeli hii wanaipokea wakiwa na msiba, mama anapika anakumbuka kuna sahani moja haitatumika. Tuwaombee. Na tukikutana nao tusiwape maneno mengi, tukae nao.

Bei nazo mnazijua. Mchele ule tuliokuwa tunanunua gunia zima kwa ajili ya pilau ya pamoja, mwaka huu mwekahazina alipotuletea bei tuliangaliana tu. Mafuta ya kula, nauli za kwenda Bukoba na Musoma kuona wazee, kuku wa kienyeji ukimwulizia bei unadhani umemwulizia mbuzi. Na January ada zinakuja pale pale, madaftari, sare za shule, viatu. Najua kuna watu humu wamekaa kimya kwenye grupu si kwa sababu wametususa, ni kwa sababu kila siku kuna mchango na hawana. Nawaambia leo: njooni kuimba. Hakuna anayedaiwa sauti yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baada ya kumaliza matanga, mama mwalimu, mjane wake, alituita akatukabidhi ile laptopu ya mzee, akasema hii ni ya kwaya, mimi sijui kuiwasha. Wengi mnaijua, ile nyeusi ambayo herufi A ilikuwa imefutika kabisa na bawaba moja imefungwa na selotepu. Ndani yake nyimbo zote. Shida ni kwamba mzee alikuwa anachapa nota kwa Finale, na ile kampuni Agosti 2024 ilitangaza kwamba inaiacha hiyo programu baada ya miaka 35, hakuna toleo jipya tena. Maana yake ni kwamba kompyuta ile ikifa leo, ukahamia mpya ambayo haina Finale, nyimbo zinabaki kuwa faili ambazo hazifunguki. Dawa yake ni kuzifungua moja moja ndani ya Finale yenyewe, unazitoa kwa mfumo wa MusicXML unaosomeka na programu nyingi za nota, halafu unazifungua kwenye MuseScore ambayo ni ya bure na kijana yeyote anaweza kuipakua. Mzee alilijua hilo kabla yetu. Tulikuta ameshaanza kuzihamisha mwenyewe kwa mpangilio wa alfabeti, ameishia kwenye nyimbo za herufi M.

Vijana wetu watatu wa sauti ya nne, yaani besi, ndo wamemaliza zilizobaki, jioni baada ya kazi, pale ofisi ya parokia, umeme ukikatika wanasubiri. Nawashukuru hadharani. Ukihamisha nyimbo vile haziji safi, maneno yanaruka noti, silabi inakaa juu ya noti ya jirani, alama za kurudia zinapotea, kwa hiyo kila ukurasa lazima mtu akae aupitie na nakala ya zamani mkononi. Kazi ya uvumilivu. Lakini faida yake mmeiona wenyewe Majilio hii, kila mtu amepata sauti yake peke yake kwenye simu, wa sauti ya pili anasikia ya pili imekuzwa na zingine zimepunguzwa, na mama wa watoto wadogo ambaye hawezi kuja mazoezi kila Jumatano na Ijumaa anajifunza huku anafua. Zamani tungesema huyo aache kwaya. Sasa hivi tunaye na anaimba vizuri kuliko wengi tunaowahi mazoezi.

Kwenye folda ya mwisho tukakuta wimbo hajaumaliza. Wa Noeli. Sauti ya kwanza na ya pili zimekamilika, ya tatu na ya nne zinafika ubeti wa pili zinaishia hapo, mistari mitupu mpaka chini. Nilibonyeza usikike, na mnajua ile sauti kavu ya kompyuta haina hisia yoyote, lakini ilipofika pale sauti za wanaume zilipokatika nikamsikia kabisa anavyotusimamisha kwa mkono, "wanaume ngojeni". Nililia wapendwa. Nilikaa pale ofisini nikalia kama mtoto na sijui kwa nini siku ya mazishi sikulia hivyo. Kuna waliosema tumpe mwalimu mwingine aumalize, ni wazo zuri tu, lakini mama mwalimu ameomba uimbwe kama ulivyo, basi Misa ya mkesha wakati wa komunyo mtausikia, akina baba tutanyamaza pale alipotuachia.

Ila kilichonifanya niandike haya yote si nota. Ndani ya ile laptopu kulikuwa na faili la Excel limeandikwa WODI. Mzee, kama mnavyojua, alikuwa anachapia nota kwaya zingine, mtu anakuja na wimbo ameuandika kwa mkono anamlipa hela kidogo, elfu tano, elfu kumi, na sisi wote tulidhani ndo anapata hela ya sabuni. Kumbe kila hela ya wimbo ilikuwa na mstari wake kwenye lile faili. Safu ya kwanza wimbo, ya pili kigango au parokia iliyolipa, ya tatu shilingi, ya nne imeandikwa "imekwenda". Wimbo wa mwanzo, Kwaresima, elfu kumi, imekwenda: "mama wa mapacha, kitanda cha dirishani, maziwa na mkaa". Shangilio, elfu tano, imekwenda: "bibi wa Ukerewe, nauli ya meli". Utukufu, elfu kumi na tano, imekwenda: "kijana wa bodaboda, mguu, alilala bila ndugu". Hakuandika jina kamili la mtu hata mmoja. Mistari inakwenda miaka na miaka. Na mstari wa mwisho una wimbo, una shilingi, ile safu ya "imekwenda" haina kitu. Hela hiyo mama mwalimu aliikuta kwenye bahasha ndani ya begi la nota, akaipeleka mwenyewe wodi ya watoto, na akaturudishia bahasha tuitumie.

Ndugu zangu, sisi mzee huyu tumeimba naye miaka yote hiyo na hatukujua.

Mwaka jana kwenye semina ya Mtakatifu Sesilia alitufundisha historia ya Masiya ya mtunzi Handel, ile yenye Aleluya Kuu tunayoipigania kila Pasaka nani aanze kwa sauti ya juu. Akatuambia mara ya kwanza kuimbwa hadharani ilikuwa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na hela ya viingilio ilienda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa wakatoka. Akina mama waliombwa waje bila zile sketi zenye pete kubwa na wanaume waache panga zao nyumbani ili ukumbi uenee watu wengi, maana mtu mmoja zaidi ni mchango mmoja zaidi. Wote tulicheka hapo kwenye sketi. Leo nikikumbuka macho yake wakati anasimulia naona alikuwa anatuambia kitu kingine, na sisi tulikuwa tunatazama saa maana chakula kilikuwa tayari.

Kwa hiyo naomba nizungumze kuhusu sare. Najua kuna mvutano. Kamati ilipitisha kitenge kipya cha Noeli, wengine wameshalipa, wengine hawawezi, maneno yamekuwa mengi na wapo waliofikia kununiana. Maoni yangu mimi, na nitayasimamia hata kwenye kikao: sare ya mwaka jana bado nzuri. Haijachanika. Kristo anayezaliwa usiku ule alivikwa nguo za kitoto akalazwa horini, hatatukataa kwa sababu kola ya kitenge imepauka. Waliokwisha kulipa waulizwe mmoja mmoja, anayetaka arudishiwe hela yake arudishiwe bila kinyongo, anayetaka iende wodini iende. Tarehe 26 ni Mtakatifu Stefano, sisi tumeifanya siku ya kumalizia soda na nyama iliyobaki, lakini Stefano alikuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhakikisha wajane hawasahauliwi kwenye mgao wa kila siku. Hiyo ndo ilikuwa kazi yake kabla hajawa shahidi. Tarehe 28 ni Familia Takatifu na ndo Jubilei inafungwa majimboni, milango inafungwa lakini mhujaji wa matumaini hajaambiwa aende akalale. Tumaini la mgonjwa ni mtu kuingia mlangoni. Tumaini la mama aliyejifungua na hana kanga ya pili ni kanga. Tusiimbe "amani duniani" kwa sauti nne halafu jirani yetu anashindwa kutoka hospitali kwa sababu ya hela ya dawa ambayo ni sawa na bando la mwezi la mmoja wetu. Mungu anasikia wimbo, na anasikia pia kilichonyamaziwa. Vijana, hizi simu mlizonazo, hizi kompyuta, hizi programu mnazozijua kuliko sisi, zitumieni kujenga. Usiwe hodari wa kuhariri video ya kwaya ipate watazamaji halafu hujui jina la mzee anayekaa nyuma yako kanisani. Na wazazi, mkiwa na kidogo gaweni hicho hicho kidogo mbele ya watoto waone, wasije wakajifunza utoaji kwenye matangazo tu.

Basi uongozi umekubali lile faili la WODI liendelee. Vijana watachapia kwaya zingine nota kama mzee alivyofanya, bei zile zile, na mwekahazina ndo atajaza safu ya nne, bila majina ya watu. Nyimbo zake mwenyewe tunazigawa bure kwa kigango chochote kitakachoomba, mama mwalimu ametoa ruhusa, sharti lake ni jina la mtunzi lisifutwe.

Kwa wodi ya watoto na ya wazazi tunakwenda tarehe 26 baada ya misa ya kwanza. Tunapokea sabuni za mche, kanga hata zilizotumika mradi safi, maziwa ya unga, sukari, nepi za kitambaa, vileteni ofisi ya parokia kabla ya mkesha. Anayetaka kutuma hela amtafute mwekahazina moja kwa moja, asitume kwa namba yoyote itakayorushwa kwenye grupu maana matapeli hawana sikukuu. Tukifika kule tutaimba nyimbo mbili tu na kwa sauti ya chini, kuna watoto wanalala, kinanda kibaki kanisani.

Mkesha wanakwaya wote tuwe tumeshakaa saa mbili kamili usiku, sauti ya kwanza na ya pili mje na nakala ya ule wimbo, zimeshachapwa ziko kabatini. Nawatakia tena Noeli njema yenye amani na heri ya mwaka mpya 2026, Mungu awalinde safarini mnaosafiri, awafariji wafiwa, awaponye wagonjwa, na mwalimu wetu ampe raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Amina.

Katibu wenu.