Melaka haikuanza na Mreno

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu Melaka, mji wa bandari wa Malaysia, nikasikitika kuona nusu yake imemwendea Afonso de Albuquerque na ngome yake. Mreno huyo aliuteka mji mwaka 1511. Kufikia hapo Melaka ilikuwa imeishi takriban karne nzima, tangu Parameswara, mwana wa kifalme kutoka Palembang kisiwani Sumatra, alipoweka makao penye mlango wa mto.

Utajiri wake uliletwa na pepo za msimu. Mgujarati akishashusha vitambaa vyake ilimbidi angoje upepo wa kumrudisha kwao, na Mchina vilevile. Wakingoja, waliuziana, wengine wakaoa papo hapo. Karafuu za visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia ya leo, zilipita mikononi mwao wakati Unguja haijaota hata mkarafuu mmoja. Sultani aliweka wakuu wanne wa bandari, walioitwa shahbandar, kila mmoja na mataifa yake. Wagujarati, kwa wingi wao, walikuwa na wa peke yao.

Makala imeacha jambo ambalo msomaji wa pwani yetu angelishika kwa mikono miwili. Tomé Pires, Mreno muuza dawa aliyeishi Melaka kati ya 1512 na 1515, aliandika orodha ya watu waliofanya biashara pale, na ndani yake wamo watu wa Kilwa na Malindi! Aliandika pia kwamba bandarini zilisikika lugha 84. Hao wa Kilwa walitoka mji ambao Wareno walikuwa wameshauvamia mwaka 1505. Watoto wetu husomeshwa biashara ya jahazi hadi Arabuni na India, kisha kitabu kinafungwa.

Na watu wenyewe bado wapo. Wapo Chitty, uzao wa wafanyabiashara Watamili, wanaozungumza Kimalay na kushika dini ya Kihindu. Wapo Baba na Nyonya wenye asili ya Kichina. Wapo Wakristang, Wakatoliki wenye lugha yao iliyozaliwa na Kireno pamoja na Kimalay, na wanaoizungumza wanazidi kupungua. Wavuvi wao wa Ujong Pasir wamelalamikia kufukiwa kwa bahari mbele ya makazi yao. Mhariri, tafadhali tuleteeni makala ya pili, na safari hii mwandishi aanze na wavuvi hao.

Msomaji wenu,
Tanga