Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Tuletee Kipimo cha Ini

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua niliyoipitisha kwa mtendaji wa kijiji haikujibiwa, na wiki hii jirani yetu naye macho yamegeuka manjano.

Anaumwa magoti, kama mama yangu. Huku Makonde, mkoani Mtwara, miaka ya kuinama chini ya mikorosho huishia magotini, na dawa inayojulikana ni diklofenaki. Zikiisha unarudi dukani, unapewa nyingine. Hakuna anayekuuliza umeanza lini. Mama alimeza kwa miezi. Kikaanza kichefuchefu, akachukia hata ugali, mwili ukamwasha, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Watu walisema karogwa. Sikubali! Katika kifuko kimoja alifungiwa diklofenaki na vidonge vya mseto ambavyo navyo vina diklofenaki ndani yake, pamoja na parasetamoli. Dozi juu ya dozi. Tulipofika mjini ndipo damu ikapimwa, ini likaonekana limeumia. Daktari akamwachisha vidonge vile, na taratibu macho yakarudi meupe.

Najua dawa hii inawasaidia wengi na wanaoumia ini ni wachache. Lakini ini huweza kuumia kimya kimya. Ndiyo maana maelekezo yake yaliyoidhinishwa Marekani yanataka anayeitumia kwa muda mrefu apimwe ini ndani ya wiki 4 hadi 8 tangu aanze. Mama yangu alipimwa na nani? Kituoni kwetu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia damu maabara, hakuna. Nikauliza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile ya kutolea taarifa za madhara ya dawa, nikaambiwa zimeisha.

Mheshimiwa, ulisimama mbele yetu kwenye mkutano wa hadhara ukaahidi kwamba kabla ya msimu wa korosho maabara yetu itapima ini. Mama alikuwepo na fimbo yake, akakupigia makofi. Msimu umefika, minada imefanyika, kipimo hakipo.

Ningeomba pia wauza dawa waelekezwe, na wazee waambiwe dalili. Lakini acha niombe moja tu: vitendanishi. Jirani yetu hana nauli ya kwenda mjini, wanawe bado wanachangishana, na mpaka leo hajui ini lake likoje. Tuletee vitendanishi vya kipimo cha ini, wiki hii.

Mkulima wa korosho, Mtwara