Msifunge simu ya mapokezi kwenye amplifaya kienyeji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa hospitali, na zaidi na mafundi wenzangu. Nimefunga simu za maofisini hapa Tanga miaka 19.

Juzi niliitwa kwenye hospitali moja kusikiliza mngurumo wa spika. Nia yao ilikuwa njema: muuguzi wa mapokezi ainue simu, amwite daktari, jina lisikike mpaka wodi ya mwisho. Lakini fundi aliyetangulia alichuna waya wa ekstensheni ya mapokezi, yaani laini ya simu ya ndani, akapachika kapasita mbili (vipande vidogo vya kuchuja umeme), akausokota kwenye tundu la maiki la amplifaya. Basi.

Kwa hiyo kila neno la simu ile lilikwenda hewani. Wauguzi walizoea kuwasha amplifaya wakitaka kutangaza na kuizima wakimaliza. Siku moja ikasahauliwa ikiwa imewaka, na majibu ya vipimo vya mama mmoja yakasomwa kwa daktari huku wodi nzima inasikiliza, mwenyewe akiwa kitandani. Muuguzi alinisimulia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilishindwa kumjibu.

Hata upande wa umeme ni hatari. Laini ya ekstensheni ikiwa imetulia ina volti kama 48, na kengele ikilia hupanda kati ya 75 na 90. Tundu la maiki limeundwa kupokea sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Tundu la kwanza lilikuwa limekwisha kuungua, fundi akahamia la pili. Na mngurumo ulitoka hapohapo, kwa sababu upande mmoja wa laini ya simu ulikuwa umeshikana na ethi (waya wa ardhini) ya amplifaya. Ili wagonjwa walale, sauti ikapunguzwa hadi madaktari wakawa hawasikii wakiitwa, na mlinzi ndiye aliyekuwa akitumwa mbio wodini, hata kwenye mvua.

Dawa ilikuwa nyuma ya swichibodi yenyewe, mtambo unaounganisha simu zote za hospitali: tundu la matangazo, ambalo halijawahi kuguswa. Lina sauti peke yake, halina kengele. Nililipitisha kwenye transfoma ndogo ya kutenganisha, omu 600 kwa 600, ambayo hubeba sauti kwa sumaku bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule. Mngurumo ukakatika. Sasa muuguzi anabonyeza namba maalumu ndipo anasikika, na akiweka mkonga chini spika zinanyamaza. Mazungumzo mengine ya simu yanabaki kwenye simu.

Spika nazo zilikuwa zimeelemea. Zilikuwa 18, kila moja imewekwa kwenye wati 10, yaani 180, juu ya amplifaya ya wati 120. Nimezishusha zote kwenye wati 5.

Mafundi wenzangu, fungueni kitabu cha swichibodi kabla ya koleo. Nanyi wakuu, msitie saini ya malipo mpaka mtu wenu asimame wodi ya mwisho, mlango umefungwa, asikie jina likitajwa. Kisha mpigie mapokezi simu ya kawaida, mhakikishe huko wodini hakusikiki kitu.

Fundi simu,
Tanga