Asante sana kaka uliyetutambulia gari la kwenye picha ya babu

Kaka hata jina lako silijui ila asante sana, Mungu akuzidishie. Ile picha ya babu enzi za KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kule Uhabeshi 1941, amesimama pembeni ya gari la deraya, yaani gari la vita lenye ngao ya chuma, kila niliyemuuliza alikuwa anasema tu Rolls-Royce, wewe ukaivuta ukaangalia chini ya pua ukaiona difu ya mbele, ile inayozungusha tairi za mbele, ukasema hii ni Marmon-Herrington Mk II, yaani toleo la pili, imeundwa Afrika Kusini juu ya chesisi ya Ford, maana Mk I ilikuwa inasukumwa na tairi za nyuma tu. Jamani hilo jicho! Mama kafurahi mno, anakusalimia sana, na ile picha nyingine inayoonyesha bombomu, ile bunduki ya rashasha, nakutumia leo leo.