Kila Mtu Mjini Kwao: Salamu za Krismasi kutoka Marangu

Salamu kwenu nyote, mliokwisha kufika nyumbani na mlio bado njiani. Naandika nikiwa barazani kwa mama, Marangu, kwetu Uchagani chini ya Mlima Kilimanjaro, jioni ya tarehe 24 Desemba. Ukungu umeshashuka mgombani. Mbuzi alichinjwa mchana, na aliyechinja ni jirani yetu Mwislamu, kama kila mwaka, ili yeyote atakayepita hapa kesho ale bila wasiwasi. Jikoni shangazi zangu wawili wanabishana kuhusu ndizi za machalari, zile tunazopika na nyama, ubishi ambao nadhani ulianza kabla sijazaliwa.

Mnaujua utani wa Desemba: Wachaga tukirudi nyumbani kwa sikukuu, watu husema tunakwenda kuhesabiwa. Stendi ya Magufuli pale Mbezi ikifurika, maduka ya akina mangi, ndivyo tunavyoitwa Wachaga, yakifungwa mtaa mzima, lazima atokee wa kusema, "Haya, mmeitwa kuhesabiwa." Ukionekana Dar tarehe 26, utaulizwa kama jina lako limefutwa kwenye daftari. Tunacheka, tunapanda basi, tunapita Chalinze, Segera, Same, mpaka njia panda ya Himo, miguu imevimba na mfuko umetoboka kwa nauli.

Serikali nayo ilituhesabu. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120, na mimi nimo humo, hiyo moja ya mwisho au ya katikati, sijui. Karani aliuliza umri, elimu, choo cha nyumba ni cha aina gani. Alikuwa kijana mpole, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Hesabu ya namna hiyo ina kazi yake, siidharau. Ila hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akajua kwa nini anaishi kwa sababu karani alimwandika.

Kesho kanisani tutasomewa tena Luka sura ya 2, na mimi kila mwaka nasubiri mstari mmoja tu: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Krismasi ya kwanza ilianzia kwenye safari ya kwenda kuhesabiwa! Kaisari Augusto alitaka orodha ya vichwa ajue kodi yake itatoka wapi. Yusufu akatoka Nazareti kule Galilaya akapanda mpaka Bethlehemu ya Yudea, mwendo wa siku kadhaa, na mchumba wake ni mjamzito. (Punda tunayemchora kwenye kadi hayumo kwenye maandiko. Huenda walitembea kwa miguu.) Anafika mji wa ukoo wake, mji wa Daudi mwenyewe, na hakuna nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto analazwa horini.

Sikuuona uzito wa hadithi hii mpaka mwaka ambao sikuja.

Mwezi Oktoba wa mwaka huo kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikawemo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikivaa shati la kazi asubuhi na kutoka, nakaa kwa fundi simu mmoja rafiki yangu hadi jioni. Ilipofika Desemba nikampigia mama, nikamwambia nimepangiwa zamu ya sikukuu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ningeshuka Himo na nini mkononi? Huku kwetu mtu akifika Desemba, kabla hajaulizwa hali, macho ya watu yameshapita kwenye gari, kwenye viatu, kwenye mabegi. Tunajuana. Yule anayekuja na gari anaegesha pale ambapo lazima kila mtu apite.

Basi nikabaki Kimara, chumba kimoja, mtaa umekauka kama shule wakati wa likizo. Mkesha wa Krismasi nikaenda kanisani kwa sababu tu chumbani kulikuwa na joto. Mchungaji akasoma: kila mtu mjini kwao. Nikamfikiria Yusufu. Seremala, hana gari wala begi, ana mchumba ambaye watu wameshaanza kuhesabu miezi yake kwa vidole. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumwambia mama yake kwamba amepangiwa zamu, ni huyu. Naye akaenda hivyo hivyo. Na usiku ule ule alipokosa hata chumba, ndipo Mungu alipoingia katika hesabu ya wanadamu, akawa kichwa kimoja cha ziada kwenye orodha ya Kaisari.

Asubuhi yake mama akapiga simu. Sijui alijuaje, na hajawahi kuniambia. Hakuuliza habari za kazi. Alisema, "Nyama yako nimeitenga. Iko juu ya moshi. Itakusubiri." Basi. Akaanza kueleza habari za mvua.

Nilikuja katikati ya Januari kwa nauli ya kukopa, wakati hakuna tena wa kumwonyesha kitu. Mama akaingia jikoni, akapanda kigoda, akashusha kipande kile kutoka dari ya jiko. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kigumu kama ubao, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akakikwangua kwa kisu, akakichemsha muda mrefu, akaniwekea mbele. Wengine wote walikuwa wameshakula, wameshasahau na kurudi mjini. Mimi bado nilikuwa na fungu langu.

Tangu hapo nasoma maneno ya Yesu kwa macho mengine. Kwenye Mathayo anasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Kwenye Luka anasema watano huuzwa kwa senti mbili. Piga hesabu: kwa senti mbili ulipaswa kupata wanne. Wa tano ni nyongeza, kama ile nyanya moja ambayo mama wa sokoni Kiboriloni anakutupia juu ya fungu ulilokwisha kulipia. Shomoro huyo hana bei. Na Yesu anasema hasahauliwi hata mmoja mbele za Mungu. Halafu anaongeza kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Karani wa sensa alikomea kwenye choo. Huyu anahesabu nywele.

Katika sura hiyo hiyo ya Luka, ya 12, mistari michache mbele, yuko tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Naye anahesabu. "Nitazivunja ghala zangu, nijenge nyingine kubwa zaidi." Yesu anamleta baada ya kuonya kwamba uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake. Nisiseme sana, maana mvunja nchi ni mwananchi, na mimi pia nina msingi wa nyumba hapo nyuma unaoota nyasi. Lakini nendeni mkatembee njia zetu hizi mwezi Mei. Mtaziona nyumba za ghorofa mbili, vioo vya bluu, geti la umeme, na ndani yake analala mlinzi peke yake kwa miezi kumi na moja. Tumejengeana ghala za kuhesabiwa.

Nikisikia watu wakiuliza kusudi la maisha, hasa msimu huu ambapo kila mtu anaandika malengo ya mwaka, huwa nawakumbuka wachungaji wa Bethlehemu. Malaika wamewatokea, utukufu umewaangazia, wamemwona mtoto. Kisha Luka anaandika kwamba wakarudi. Warudi wapi? Kwa kondoo. Hakuna aliyeambiwa aache kazi. Na kazi ya mchungaji jioni ni ipi? Ni kuhesabu, ajue nani hayupo. Yesu alipokua, alipotaka kueleza Mungu yukoje, akamchagua mtu wa kazi hiyo hiyo: ana kondoo mia, anawaacha tisini na tisa nyikani, anamtafuta mmoja. Hata nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru aliyejua kuhesabu fedha kuliko mji mzima, alisema amekuja kutafuta na kuokoa kile kilichopotea.

Sina kusudi kubwa kuliko hilo, na sikulipata kwenye semina. Kazi niliipata tena, ndogo kuliko ile ya kwanza. Ila kila mwaka, kabla sijakata tiketi, nakaa na daftari naandika majina ya ndugu walioko Dar, kisha nampigia kila mmoja: unakwenda? Anayejibu haraka sana kwamba ana zamu, huyo namfuata kwake. Mwaka juzi mmoja alinifokea, akasema nimekuja kumchungulia sufuria. Alikuwa na haki kidogo. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Mwingine tulipanda basi moja, tukagawana mahindi ya kuchoma Mombo, hakusema neno mpaka Same, na huko akaanza kulia.

Kwa hiyo salamu zangu za mwaka huu ziwafikie kwanza wale wasiokuja. Wauguzi na walinzi mlio zamu kweli, Mungu awape usiku mtulivu. Nanyi mlio kwenye zamu kama ile yangu, fungu lenu limetengwa. Waliofiwa mwaka huu, mtakaokaa mezani na kiti kimoja kitupu, tunakaa nanyi.

Na kwetu hapa hesabu haijatimia. Binamu yangu hajafika. Yeye hakukwama kwa nauli. Amegombana na kaka yake tangu Pasaka juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, nani aling'oa masale na nani aliyasogeza. Ninyi mnaojua mila zetu mnajua kwamba majani yale yale ya masale tunayopanda mpakani ndiyo mtu anayobeba mkononi akienda kuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kuyakataa kirahisi. Kaka mtu amefika tangu jana. Amekaa pale karibu na zizi, anajifanya kuangalia ndama.

Mama ametoka jikoni sasa hivi. Ana sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kwapani ana jani la sale alilolikata mpakani. Sahani ameiweka kabatini. Jani amemkabidhi yule wa zizini bila kusema kitu, kisha amenigeukia mimi: "Umempigia mwenzako?"

Bado. Mtandao hapa unashika ukisimama chini ya mparachichi, na kaka mtu ameshatangulia kuelekea huko. Krismasi njema, ndugu zangu, na heri ya mwaka mpya.