Shoga yangu, maji ya fedha usimpe Bi Mkubwa

Langoni, Amu

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, kaskazi imeshika na mui umejaa wageni. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu zahanati, kelele za punda na mikokoteni, nikaurudia usiku nimetulia. Umenichanganyia mambo mawili: kidonda cha sukari cha Bi Mkubwa mguuni, na hiyo mashine aliyokuja nayo binamu yako kutoka Dubai. Unataka kujua kama yale maji ya fedha umpe kijiko asubuhi na jioni.

Usimpe. Nakueleza na sababu, kwa kuwa binamu yako namjua ana maneno, ukimwendea na "Saada kasema" peke yake atakumaliza.

Hiyo mashine si kitu cha ajabu. Ni nyaya mbili za fedha, betri na gilasi ya maji. Umeme ukipita, chembe ndogo mno za fedha zinachomoka kwenye waya na kubaki zinaelea. Basi. Gilasi ya leo ina fedha kiasi gani, ya jana ilikuwa na kiasi gani, hakuna ajuaye, wala yeye hajui. Inategemea nguvu ya betri, muda uliouacha, na maji yenyewe. Maji yakiwa na chumvi, kama ya visima vyetu vingi vya pwani, fedha inashikana nayo na kugeuka kitu kingine, na huenda ndio ule weupe kama ukungu uliouona ndani ya chupa. Bi Mkubwa kila kidonge chake kimeandikwa miligramu. Vipi tumpe kitu ambacho hata mtengenezaji hajui kipimo chake?

Atakwambia fedha inaua vijidudu. Hapo hasemi uongo. Sisi wenyewe tuna krimu ya fedha, silva salfadiazini, tunapaka majeraha ya moto, na ziko bandeji zilizotiwa fedha. Zamani watoto wachanga walitiwa tone la dawa ya fedha, silva naitreti, machoni ili wasipofuke kwa kisonono walichokipata wakati wa kuzaliwa. Mwanzo wake ni daktari mmoja wa Ujerumani, Carl Credé, miaka ya 1880. Lakini angalia: yote hayo ni ya nje. Kushuka tumboni ni habari nyingine. Mwili unahitaji chuma, unahitaji zinki, ila fedha hauna kazi nayo hata kidogo. Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1999 kwamba dawa za dukani zenye fedha ya namna hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu maradhi yoyote. Ilipokuja korona mwaka 2020, wauzaji waliokuwa wakiinadi kama tiba wakaandikiwa barua za onyo. Hayo mwambie, kwa sababu yeye anapenda kusema "wazungu wanaificha".

Fedha nyingi inatoka chooni, lakini si yote. Inayobaki inajikusanya mwilini, na ile ya kwenye ngozi ikipigwa na mwanga inageuka rangi. Unazikumbuka picha za studio za kina nyanya zetu, zile nyeusi na nyeupe? Karatasi zake zilipakwa chumvi za fedha, na ni mwanga uliozitia weusi. Basi ngozi ya mtu nayo inapigwa picha hivyo hivyo, taratibu, mpaka inakuwa kijivu cha kuelekea buluu. Madaktari wanaita arjiria. Inaanza na kukoza sehemu zinazoonwa na jua, yaani uso na mikono, na jua la Malindi unalijua mwenyewe. Haitoki kwa kusugua, na ukiacha kunywa leo rangi haikuachi kesho. Kwa kawaida ni yako maisha.

Kuna Mmarekani, Paul Karason, aliyeitengeneza nyumbani kama binamu yako, akainywa na kujipaka usoni kwa miaka. Uso ukawa buluu, akatokea kwenye televisheni mwaka 2008, akafa mwaka 2013 na rangi yake. Mwingine, Stan Jones wa Montana, alianza kunywa mwaka 1999 kwa hofu kwamba mwaka 2000 kompyuta zitakwama na antibayotiki ziadimike. Kompyuta hazikukwama. Mwaka 2002 akagombea useneta na uso wa kijivu. Wala usidhani weusi wetu utatusitiri: kwetu itazamwe kwenye mizizi ya kucha, kwenye ufizi na weupe wa jicho.

Lakini Rukia, Bi Mkubwa si msichana wa kuposwa, na rangi siyo inayonitia hofu hasa. Umesema hospitali wamempa sipro, ile antibayotiki, kwa ajili ya kidonda. Fedha ikikutana na dawa hiyo tumboni inaweza kuizuia isiingie mwilini ipasavyo. Atameza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, kumbe dawa inayofika mguuni ni nusunusu, na nyinyi mnasema dawa ya hospitali haifai, ongeza maji ya fedha. Kidonda cha sukari hakingoji watu wamalize majaribio.

Sasa nije kwenye lililonishtua kuliko hiyo mashine, nawe umelitaja kwa kupita tu: kwamba kila usiku mnamkanda mguu kwa maji ya moto, chumvi na majani ya mwarobaini. Wacheni kuanzia leo. Mtu aliyekaa na sukari miaka mingi nyayo zake zinakufa ganzi. Maji yanayokuchoma wewe mkono, yeye atakwambia yamepoa, ongeza. Niliwahi kumvua soksi mzee mmoja hapa zahanati, ngozi ya kisigino ikaja na soksi, naye anaendelea kunihadithia habari za jahazi lake bila hata kukunja uso. Alikuwa amekandwa jana yake na binti yake, kwa mapenzi kabisa. Na hata maji yasipounguza, kuloweka kunailainisha ngozi na kufungulia uchafu njia. Mguu uoshwe kwa maji ya kawaida na sabuni, ukaushwe vizuri hadi katikati ya vidole, kidonda kifungwe kama walivyomwonyesha, na asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Si kwamba nayakataa ya nyumbani. Mimi nimelelewa kwa tangawizi na habasoda kama wewe, na mafua yakinishika nakunywa chai ya mdalasini kabla ya kufikiria kidonge. Majani ya mwarobaini kumwogea mtoto mwenye upele, sina neno. Ila mafuta yake usimnyweshe mtoto. Yamewahi kuwatia watoto degedege na kuwapoteza fahamu. Asali usimlambishe mtoto asiyetimiza mwaka. Na karela, lile tunda chungu, anayokamuliwa Bi Mkubwa asubuhi inashusha sukari kweli, ndiyo maana nataka daktari wake ajue, kwa sababu ikikutana na sindano ya insulini inaweza kumshusha mpaka aanguke. Yule anayesema cha asili hakidhuru muulize kwa nini hali bunju, yule samaki wa sumu. Bunju naye katoka bahari ile ile anakotoka changu.

Nikiwa nimekumbuka: wanja anaopakwa mtoto wa Fatma, muulize umetoka wapi. Ule wa jiwe, unaong'aa, mara nyingi ni madini ya risasi, nayo ni sumu, na mtoto anajipangusa jicho kisha anatia kidole mdomoni.

Binamu yako usigombane naye. Mwambie ahsante, mashine ikae kabatini. Nilimsimulia ami yangu sonara habari hizi akacheka mpaka akakohoa, akasema yeye ameshika fedha tangu utotoni, kekee na vipini, na hajapata kuona mteja akitaka kuila. Kama zile nyaya ni fedha safi, anasema atazinunua.

Wewe fanya hivi. Jumatano ukimpeleka kliniki, beba vyote anavyotumia kwenye mfuko mmoja: vidonge, karela, habasoda, na hiyo chupa ya fedha pia, usione haya. Waambie kama ameshainywa na tangu lini. Kabla ya hapo, usiku wa leo, mfungue bandeji uangalie kwa tochi. Ukiona wekundu unapanda juu ya kifundo, au kidole kimekuwa cheusi, au kuna harufu, au ana homa, usingoje Jumatano. Mpeleke usiku huo huo hata kwa tuktuk. Kisha nipigie, simu yangu haizimwi.

Msalimie sana Bi Mkubwa, mwambie nampa pole na nitamletea halua ya kutazama tu.

Wasalaam,
Wako Saada