Barua kwa Mwanangu Aliyeko Kiel

Assalaam alaykum mwanangu Mwanaisha,

Ile sauti uliyotuma kwa wasapu tumeisikiliza mimi na mamako, tukairudia. Ati chama kimekutaka ugombee bunge la jimbo huko Ujerumani, na wewe unafikiria kuacha kazi ya hospitali ili upate nafasi ya kuzunguka. Hongera sana, wallahi nimefurahi, nimewaambia watu msikitini mpaka wale wasiojua Kiel iko upande gani wa dunia. Lakini kazi usiache.

Umesema mfano wako ni yule mama Heide Simonis, basi nikakaa na simu nikamsoma. Kweli alikuwa shupavu. Nilivyoona kwamba ujanani, 1967, alikuwa Lusaka akifundisha Kijerumani chuo kikuu, nikampenda papo hapo. Halafu akaingia baraza la mji hapo Kiel 1971, bunge la taifa kule Bonn 1976, waziri wa fedha wa jimbo 1988, na Engholm, waziri mkuu wa jimbo, alipojiuzulu 1993 yeye ndo akashika hilo jimbo lenu la Schleswig-Holstein, mwanamke wa kwanza Ujerumani kuchaguliwa waziri mkuu wa jimbo. Wewe umeishia hapo, mwanangu. Unavyoongea ni kama maisha yake yalikwisha siku ile anaapishwa.

Mimi nimesoma mpaka 2005. Baada ya uchaguzi wa Februari, wabunge wa upande wake, chama chake SPD na chama cha Kijani pamoja na wale wawili wa chama cha Wadenmark wa huko jimboni waliotaka kumuunga mkono, walikuwa 35, na wapinzani 34, yaani wamezidi kwa mtu mmoja tu. Tarehe 17 Machi wabunge wakapiga kura ya siri ya kumrudisha uwaziri mkuu, akapata 34, wakarudia, 34, wakarudia tena, mara nne siku moja, ile kura ya 35 haikuja. Watu aliokaa nao vikao miaka yote, wakimpa mkono asubuhi ile! Na mpaka leo aliyemnyima hajajulikana. Mwezi uliofuata chama chake mwenyewe kikaingia serikalini na wapinzani, chini ya kiongozi wao Peter Harry Carstensen. Hiyo ndo iliyoniuma zaidi.

Sasa yeye alikuwa na miaka 61, ameongoza jimbo karibu miaka 12, ana jina, baadaye hata UNICEF ya Ujerumani akawa mwenyekiti wake mpaka 2008. Wewe una nini ukiangushwa? Una mkopo wa nyumba na mtoto wa chekechea. Ndo maana nasema kazi usiache. Waulize hospitali kama wanaweza kukupunguzia masaa, uende kampeni jioni na wikendi, ukishachaguliwa ndo tuzungumze mengine. Ya mjombako na ule mchujo unayajua, siyarudii.

Sikukatazi siasa. Zamani nilikukataza, haya, yamepita, na kama ungenisikiza ile siku leo usingeitwa na watu wa watu wakakwambia tunakutaka. Umejifunza Kijerumani mpaka unabishana nacho, hilo si dogo. Lakini una tabia ya kumwamini kila anayekuchekea, tangu mdogo uko hivyo, na hukubali kuambiwa. Hao wa kamati waliokupigia makofi, jua nani amekuahidi nini, na uulize mbele za watu. Kisha hata wakikuahidi wote, kazi usiache.

Simonis alifariki Julai 2023, ana miaka 80, maradhi ya Parkinson yalikuwa yamemsumbua miaka mingi. Jimbo lilishampa uraia wa heshima 2014. Vizuri, alistahili, mimi pia ningempa. Ila heshima ile ilikuja baada ya miaka tisa, na wewe kodi na chakula ni kila mwezi.

Idi hukupiga simu, mamako hakusema kitu lakini aliweka simu karibu siku nzima.

Tanki la juu limepasuka ubavuni, fundi ameliziba lakini linavuja bado, nadhani tutanunua jipya, usitume pesa kwanza mpaka nijue bei. Nduguyo amemaliza mitihani anashinda kulala. Zile dawa za presha za mamako zimebaki za wiki mbili hivi, ukipata mtu anayekuja Mombasa mpe, ila asiwe yule wa mara ya mwisho, alizikalisha kwake mpaka tukaenda kuzifuata Likoni. Na uniandikie hospitali wamesemaje kuhusu masaa.

Babako